LED kwenye modeli: kwa nini mbili ziliungua na ya tatu ikang'arisha boneti zima

Swali la msomaji:

"Habari za kazi, mtaalamu. Nimemaliza kuunganisha gari langu la nne la plastiki, skeli ya 1/24, na safari hii nataka taa zake ziwake. Nilinunua LED nyeupe za milimita 3 na betri ya volti 9. Ya kwanza niligusisha miguu yake kwenye betri, ikamulika kama radi halafu kimya. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu mwenzangu alinipa rezista, ikawaka vizuri mezani, lakini nilipoipachika ndani ya gari boneti zima liling'aa kama kandili, na taa yenyewe ya mbele ukiitazama kwa upande huioni. Umeme siujui kabisa. Nianzie wapi? Za nyuma naweza kutumia LED hizi hizi nyeupe, kwa kuwa vioo vyake tayari ni vyekundu? Na zile mbili zilizokufa zinaweza kufufuka?"

Jibu:

Salama, na pole kwa LED zako mbili. Hazikuwa mbovu. Ulichozifanyia kingeua LED yoyote, hata iliyo bora kuliko zote.

Balbu ya zamani yenye waya ndani hujizuia yenyewe: waya ukipata moto huzidi kuupinga umeme, na mkondo unatulia. LED haina breki hiyo. Chini ya volti yake haipitishi kitu cha maana, wala haiwaki. Ukishaivusha hapo, hata kwa sehemu ndogo tu ya volti moja, mkondo unaruka maradufu, na ukiongeza kidogo tena unaruka tena. Nyeupe yako inataka volti 3 hivi. Ulipoipa 9, ilivuta kila kilichokuwemo kwenye betri, na ile chembe inayotoa mwanga, ambayo haifiki hata nusu ya milimita kwa upana, ikaungua kabla hujapepesa jicho. Rezista kazi yake ni kuzibeba volti zilizozidi na kuuwekea mkondo kikomo. Si pambo la kuongeza ukipenda. Kila LED iwe nayo, au kila mnyororo wa LED.

Kabla ya hesabu, jua volti za rangi unazozitaka. Nyekundu, machungwa na manjano hutosheka na volti 2 hivi. Nyeupe na buluu hutaka 3, pungufu kidogo au zaidi kidogo. Kijani inasumbua: za zamani zilikuwa za volti 2, nyingi za sasa ni za 3, kwa hiyo isome karatasi iliyokuja nazo au uipime. Huenda ukajiuliza nyeupe na buluu zimefananaje. Ni kwa sababu nyeupe ni buluu iliyovikwa nguo: chembe ya ndani hutoa mwanga wa buluu, juu yake kuna poda ya manjano, na rangi hizo mbili zikichanganyika jicho linaona nyeupe. Ndiyo maana wapenzi wa modeli wa zamani hawakuwa na taa nyeupe za aina hii. LED nyekundu ya kuonekana kwa macho ilitengenezwa na Nick Holonyak mwaka 1962, lakini buluu yenye nguvu ilichukua miaka 30 hivi zaidi, na waliofanikiwa, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014.

Hesabu sasa, nayo ni ya kutoa na kugawanya tu. Chukua volti za betri, toa volti za LED, kinachobaki kigawanye kwa mkondo unaoutaka, ukiuandika kwa ampea. Jibu ni omu za rezista, yaani kipimo cha jinsi inavyoupinga umeme. Betri yako ni 9, LED 3, zinabaki 6. LED za kawaida za milimita 3 hupewa kikomo cha miliampea 20, yaani ampea 0.02. Sita kwa 0.02 ni omu 300. Ukikosa ya 300 unapanda hadi 330, yenye michirizi ya chungwa, chungwa na kahawia. Siku zote panda, usishuke. Rezista ya robo wati inatosha kabisa, maana hapo inabeba wati 0.12 tu.

Nadhani hiyo ya 330 ndiyo aliyokupa mwenzako, kwa sababu kila anayeanza hupewa hiyo. Na hapa ndipo ninapoachana na wengi. Miliampea 20 ni kikomo cha LED. Hakuna aliyesema gari lako linazihitaji. Modeli ya 1/24 unaitazama kutoka sentimita 60 hivi, ambazo kwa vipimo vya gari hilo ni mita 14. LED inayowaka kwa nguvu zake zote kwa umbali huo haifanani na taa ya gari. Inafanana na mtu anayekumulika tochi usoni. Rangi uliyoipaka kwa siku tatu haionekani, mdomo wa gari haupo, kuna mng'ao tu. Modeli yangu ya kwanza yenye taa ilikuwa nyumba ya ghorofa mbili, kila dirisha na LED yake ya miliampea 20. Niliita watu waje kuitazama. Mmoja akauliza kama ni nyumba inayoungua.

Kwa taa za mbele za gari mimi huanza na miliampea 5, mara nyingi naishia 3. Za nyuma, 1 au 2. Za dashibodi, chini ya hapo. Usiogope kwamba robo ya mkondo itatoa robo ya mwanga: jicho letu halihesabu hivyo, na ukishusha kutoka 20 hadi 5 utaona tu kwamba imepoa kidogo. Kwa betri yako ya volti 9, miliampea 5 ni omu 1,200 na miliampea 2 ni omu 3,000, ambapo 3,300 ndiyo rahisi kuipata.

Lakini usiiamini hesabu peke yake, wala usiniamini mimi. LED mbili za viwanda tofauti, mkondo mmoja, zinaweza kutofautiana mwanga kama mchana na jioni. Tafuta rezista ya kuzungusha, ya aina ile inayoongeza na kupunguza sauti kwenye redio, ya omu 10,000. Iunge na rezista ya kawaida ya 330, moja nyuma ya nyingine, ili hata ukizungusha hadi mwisho LED isiungue. Shikilia LED nyuma ya kioo cha taa ya gari lako, ndani ya chumba na kwenye mwanga ambamo gari litakaa, kisha zungusha mpaka useme hapo hapo. Ondoa betri, chomoa LED, pima kwa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, omu za rezista zote mbili zikiwa pamoja. Nambari unayoisoma ndiyo rezista yako. Kazi ya dakika tano, na tangu niianze sijawahi kufumua gari kwa sababu ya mwanga kuzidi.

Haya, sasa zikiwa nyingi. Una taa mbili za mbele na mbili za nyuma. Njia ya kwanza ni sambamba: kila LED na rezista yake, halafu zote zinakutana kwenye nyaya mbili za betri. Ni nyaya nyingi, lakini moja ikifa nyingine zinaendelea, na kila moja unaipangia mwanga wake. Njia ya pili ni mfululizo: LED mbili zinashikana mkono, mguu hasi wa moja kwenye mguu chanya wa nyingine, na rezista moja inazihudumia zote. Hapo volti za LED zinajumlishwa. Nyekundu mbili zinakula 4, zinabaki 5, na kwa miliampea 3 unahitaji omu 1,667, yaani unapanda hadi 1,800.

Usichopaswa kufanya ni njia ya tatu, ambayo kila anayeanza huivumbua mwenyewe akidhani amebana matumizi: kuziweka LED sambamba zote nyuma ya rezista moja. Zikiwa za rangi tofauti, nyekundu itafungua njia kwenye volti 2 na kuushikilia umeme hapo hapo, nyeupe inayongoja volti 3 isipate kitu. Utabadilisha LED nyeupe mara nne ukidhani ni mbovu. Zikiwa za rangi moja zitawaka, lakini moja itakuwa kali na jirani yake hafifu, kwa kuwa hakuna LED mbili zinazolingana kabisa.

Jihadhari pia na kuijaza betri mfululizo mpaka pomoni. Nyeupe mbili kwenye volti 9 zinakula 6, zinabaki 3 za rezista. Ukiweka 680 unapata miliampea 4 na ushei. Nzuri, betri ikiwa mpya. Betri ikichoka na kushuka hadi 7, rezista inabakiwa na volti moja, na mkondo unaanguka hadi 1.5 hivi. Volti umepoteza chini ya robo, lakini theluthi mbili za mkondo zimekwenda. Kama unajali taa zisififie mapema, nyeupe ziweke sambamba na uache mfululizo kwa nyekundu. Nyeupe tatu mfululizo kwenye betri ya 9 ndiyo usijaribu, hakuna kinachobaki cha kuzisukuma.

Upande gani ni upi: mguu mrefu ni chanya. Ukishaikata miguu, papasa ukingo wa LED. Upande uliobapa ni hasi. Ukiigeuza haiwaki, igeuze tena. LED nyingi huvumilia kugeuzwa mpaka volti 5 tu, kwa hiyo usiiache hivyo kwenye betri ya 9. Mimi nina kipimio nilichojitengenezea: kishikio cha betri ya volti 9, rezista ya omu 1,000 imelehemiwa kwenye waya mwekundu, na ncha mbili wazi. Nagusa LED ya rangi yoyote, kama ni nzima inawaka, na najua papo hapo upande wake. Kitengeneze kabla ya kitu kingine chochote, kingekuokolea zile mbili.

Sasa tuje kwenye boneti lililong'aa, maana hilo si tatizo la umeme hata kidogo. Plastiki ya modeli ni nyembamba na mwanga unapenya. Rangi ya juu peke yake haiuzibi, hasa nyeupe, njano na nyekundu. Kinachohitajika ni giza kwa ndani. Paka nyeusi upande wa ndani wa boneti, mbawa za gurudumu na mdomo wa gari, mikono miwili, ikauke, kisha washa LED ndani ya chumba chenye giza na utazame. Utaona vidoa na mistari ya viungo ambavyo hukuvitegemea. Paka tena hapo. Baada ya nyeusi kushika, ndani ya tundu la taa lenyewe paka fedha au nyeupe ili mwanga urudishwe mbele. Mpangilio ni huo: nyeusi kwanza izuie, fedha juu yake irudishe. Ukianza na fedha peke yake mwanga bado utavuja.

Wengine hubandika karatasi ya alumini badala ya rangi. Inaziba kuliko rangi yoyote, kweli, ila kumbuka alumini inapitisha umeme. Waya uliochubuka ukiigusa pande mbili, saketi inapiga shoti, na utatafuta kosa usiku kucha ndani ya kitu ulichokifunga kwa gundi. Nikiitumia naipaka rangi upande unaotazama nyaya. Bora zaidi ni kuifungia LED ndani ya nyumba yake: kipande cha mrija mweusi kinachoingiza LED nyuma na kioo cha taa mbele, ili mwanga usipate hata nafasi ya kutembea chini ya boneti. Mrija wa kusinyaa kwa joto unafaa sana, na kalamu iliyokwisha wino nayo inafaa ukiipaka nyeusi.

Umesema pia kwamba ukiitazama taa kwa upande huioni. LED ya duara ina kichwa kama kibofu, na kichwa hicho ni lenzi inayokusanya mwanga na kuusukuma mbele kwa pembe nyembamba. Ukisimama ndani ya pembe hiyo unapofuka, ukitoka nje unaona giza. Chukua msasa laini, sugua kichwa mpaka kiwe na ukungu kote, mwanga utatawanyika. Unaweza pia kukikata kiwe bapa kisha ukisugue, ila acha angalau milimita moja na nusu juu ya kile kikombe kidogo unachokiona ndani, kwa sababu hapo pana waya mwembamba kuliko unywele, na ukiukata umepata maiti ya tatu.

Kuhusu vioo vyekundu vya nyuma: hapana, usitumie nyeupe. Nimekwisha kukuambia nyeupe ni buluu na manjano; nyekundu ndani yake ni kidogo. Kioo chekundu kinazuia karibu kila kitu na kuachia hicho kidogo, nawe utapata taa dhaifu yenye wekundu usioshiba. LED nyekundu nyuma ya kioo chekundu inapita yote, na wekundu wake ni wa kweli. Viashiria vya kupindia vivyo hivyo, LED ya machungwa nyuma ya kioo cha machungwa. Na nyeupe za mbele ziangalie umri wa gari. Nyeupe baridi, zinazoandikwa kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 6,000 au zaidi, zinafaa gari la kisasa. Gari la miaka ya 1960 likiwaka hivyo, jicho linajua kuna uongo hata kama mwenye jicho hawezi kuusema. Lenyewe linataka nyeupe ya joto, kelvini 3,000 au chini kidogo. Ukiwa nazo za baridi tu, kipake kichwa chake rangi ya manjano angavu, mkono mmoja mwepesi, na kiangalie kikiwaka kabla ya kupaka wa pili.

Ukubwa nao una hesabu yake. Taa kubwa za duara za magari ya zamani zilikuwa na kipenyo cha sentimita 18 hivi. Kwenye 1/24 hizo ni milimita 7.4, kwa hiyo LED yako ya milimita 3 inaingia bila shida. Siku ukihamia kwenye skeli ya 1/72, taa hiyo hiyo ni milimita 2.5, na LED ya 3 haiingii. Hapo ndipo unapokutana na LED bapa zisizo na miguu, zinazotajwa kwa namba: 0805 ni milimita 2 kwa 1.25, 0603 ni 1.6 kwa 0.8, na 0402 ni 1 kwa 0.5, ambayo ukipiga chafya umeipoteza. Zinauzwa pia zikiwa na nyaya zimeshaunganishwa. Nunua hizo, za 0603 au 0805. Sioni sababu ya anayeanza kujitesa kulehemu kitu cha ukubwa wa chembe ya mchanga, na wala si aibu. Zina faida nyingine: mwanga wake hutoka kwa upana, kwa hiyo mambo ya msasa unayasahau.

Pasipofikiwa hata na hizo, kuna nyuzi za mwanga, zile nyuzi za plastiki zinazouchukua mwanga upande mmoja na kuutoa upande mwingine. LED moja inakaa chini ya sakafu ya gari na uzi wa nusu milimita unapeleka nukta ya mwanga kwenye dashibodi. Ncha ya uzi ukiisogeza karibu na chuma cha moto bila kugusa, inavimba na kuwa kama kichwa cha uyoga, lenzi tayari. Usizigandishe kwa gundi ya papo hapo: inazifanya zikatike kama kuni kavu. Gundi hiyo hiyo huacha ukungu mweupe kwenye vioo vya modeli, kwa hiyo taa zote zigandishe kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka inakuwa angavu na ukikosea inabanduka.

Kulehemu hutaliepuka milele. Ncha iwe na joto la nyuzi 320 hadi 350, na plastiki ya modeli huanza kulegea karibu na 100, kwa hiyo kanuni ni moja: lehemu nje ya gari, kamwe si ndani. Safisha ncha, paka lehemu kidogo kwenye waya peke yake, paka kwenye mguu wa LED peke yake, kisha viguse pamoja kwa sekunde mbili. Ukizidi tatu, ondoa, iache ipoe, anza upya. Joto likipanda hadi ndani ya LED linaiua kama vile volti 9 zilivyofanya. Kibano cha chuma ukikishikisha kwenye mguu, kati ya kiungo na kichwa, kinakunywa joto njiani. Fungua dirisha, usivute moshi wake, na nawa mikono ukimaliza. Waya mzuri ni ule mwembamba wa shaba uliopakwa vanishi. Vanishi hiyo haipitishi umeme, kwa hiyo ikwangue nchani au iunguze kwa lehemu, la sivyo utashangaa kwa nini kiungo kizuri hivyo hakipitishi kitu. Na waya wa kila kiungo uvike mrija wa kusinyaa kabla, narudia kabla, ya kulehemu. Sina hesabu ya mara nilizomaliza kiungo safi na kuukuta mrija umelala mezani.

Kwenye gari lako ningefanya hivi. Boneti na bodi viwe vinafunguka kutoka kwenye chesisi mpaka dakika ya mwisho. LED mbili za mbele ndani ya mirija yake, mbili za nyuma mfululizo, nyaya zote zinashuka kwenye sakafu ya gari na kukusanyika katikati. Acha kitanzi cha waya kati ya bodi na chesisi, sentimita tano au sita, ili siku ukiitenganisha usikate kitu. Kisha nyaya zitoboze sakafu ziende chini, kwenye kibao cha kuonyeshea gari. Betri ya volti 9 ina urefu wa karibu sentimita 5 na unene wa 1.75, ndani ya gari la sentimita 18 lenye viti na injini haina pa kukaa. Iweke kwenye kibao, pamoja na swichi. Na rezista nazo ziweke huko huko. Umeme haujali rezista iko kabla au baada ya LED, iko karibu au mbali, mradi iko kwenye njia hiyo hiyo. Ukiiweka kibaoni, baada ya mwezi ukiona taa ni kali unabadilisha rezista kwa dakika mbili bila kuligusa gari. Ukitaka nyaya zisionekane kabisa, mirija miwili myembamba ya shaba inayolishikilia gari kwenye kibao inaweza kuwa ndiyo nyaya zenyewe: mmoja chanya, mwingine hasi. Ila hapo rezista zibaki ndani ya gari, kila njia na yake, la sivyo umerudi kwenye njia ya tatu.

Washa na ujaribu kila hatua. LED kabla ya kulehemu, baada ya kulehemu, baada ya kupita ndani ya mrija, baada ya gundi kukauka, na mara ya mwisho taa za chumba zikiwa zimezimwa, kabla ya kufunga bodi. Najua inachosha.

Betri ya volti 9 ya alkalaini hubeba miliampea-saa 500 hivi. LED nne, kila moja na miliampea zake 20, zinaimaliza kwa saa sita. Kwa mpango niliokupa, nyeupe mbili za miliampea 5 na nyekundu mfululizo za 3, jumla ni 13, na betri ile ile inakwenda karibu saa 40. Ukitaka zaidi, betri tatu ndogo za volti 1.5 zinatoa 4.5 na hudumu mara kadhaa zaidi, au tumia chaja ya simu yenye volti 5. Piga hesabu upya tu, nyeupe ya miliampea 5 kwenye volti 5 inataka omu 400, weka 470. Nyaya za chaja zipime kwa multimita ujue chanya na hasi, rangi zake hazisemi kweli kila mara. Betri za vidonge zile bapa za volti 3 zinavutia kwa udogo wake, lakini nyeupe inafifia mapema sana juu yake, na kama kuna mtoto nyumbani ziwe nyuma ya kifuniko chenye skrubu: mtoto akiimeza inaweza kumchoma koo vibaya ndani ya saa mbili. Betri za kuchaji za lithiamu usizifungie ndani ya modeli kwa gundi, kwa vyovyote vile.

Kumetameta hukuuliza, lakini utauliza. Kuna LED zenye saketi ndani yake zinazowaka na kuzima zenyewe. Kwa kiashiria kimoja zinatosha. Kwa viwili hazifai, kwa sababu kila moja ina mwendo wake, baada ya dakika moja kushoto na kulia havijuani tena. Anza na taa za kuwaka tu.

Zile mbili zilizokufa hazifufuki. Usizitupe lakini. Mimi nina kopo la LED zilizoungua, za kila ukubwa, nazitumia kupimia matundu ninapotoboa kwa keekee ya mkono: naingiza maiti, naitoa, napanua kidogo, naiingiza tena, na LED nzima haiguswi mpaka tundu lake liwe tayari.